Kasisi wa Jeshi Anaporejea Nyumbani: Jeraha Lisiloonekana na Tiba Yake

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kliniki mtu wa makamo, kasisi wa jeshi aliyekuwa amerejea kutoka ulinzi wa amani katika nchi jirani. Alilalamika kwamba hapati usingizi na kwamba kichwa kinamgonga. Nilimpima shinikizo la damu, nikaliona limepanda kidogo, nikamwandikia dawa. Alipoinuka kuondoka nilimwambia, "Mchungaji, utuombee." Akatabasamu, akaitikia, akaenda zake.

Miezi minne baadaye mkewe ndiye aliyemrudisha. Alikuwa akilala kitini, uso ukielekea mlangoni. Hakuwa ameongoza ibada kwa wiki saba. Hapo nilitambua kosa langu: nilimwona kasisi, sikumwona mgonjwa. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadili, ila kosa nimeliacha kama lilivyokuwa, kwa kuwa wahudumu wengi wa afya hulifanya bila kujua.

Katika makala haya neno kasisi lina maana ya kiongozi yeyote wa dini anayehudumu jeshini: padri, mchungaji au imamu.

Kazi yake ni ipi vitani?

Kwa mujibu wa Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kasisi hahesabiwi kuwa mpiganaji. Katika jeshi la Marekani habebi silaha kabisa. Hufuatana na askari msaidizi ambaye ndiye mwenye bunduki. Hata hivyo huenda kule kule waendako askari. Huketi na aliyejeruhiwa, huomba juu ya maiti, hufariji kikosi kilichopoteza wenzao, na mara nyingine huwamo katika msafara unaopeleka taarifa ya msiba kwa familia.

Zaidi ya hayo, kasisi ni mtunza siri. Katika jeshi la Marekani, yale anayoambiwa na askari kwa faragha hawezi kushurutishwa kuyafichua, hata na kamanda wake. Faida yake ni kubwa, kwani askari anayeogopa kuonekana dhaifu humwendea kasisi kabla ya kumwendea daktari. Gharama yake hubebwa na kasisi peke yake: hofu, hatia na majuto ya watu wengi humfikia, wala hana pa kuyapeleka.

Jambo hili halituhusu kwa mbali. Askari wa Uganda na Burundi walianza kuhudumu Somalia mwaka 2007, na wa Kenya wakajiunga na kikosi hicho cha Umoja wa Afrika mwaka 2012. Askari wa Tanzania wamekuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2013. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, na wasiopungua 14 wakauawa. Mbele ya kila jeneza husimama mtu wa kusoma sala au dua. Baada ya mazishi, mtu huyo naye hurudi nyumbani na kuandaliwa chakula cha jioni.

Kwa nini nyumbani pawe pagumu?

Katika eneo la vita mwili hujifunza kukesha. Ubongo huzoea kuichukulia kila sauti ya ghafla kuwa hatari, moyo huenda mbio, na usingizi huwa mwepesi. Mafunzo hayo hayafutiki siku ndege inapotua. Mlango ukibamizwa na upepo, au pikipiki ikipiga mlipuko barabarani, mwili hujibu kana kwamba bado uko kambini.

Nyumbani nako mambo yamesonga. Mke amezoea kuamua peke yake kuhusu ada na kodi ya nyumba; watoto wamekua na wana siri zao. Waumini nao humpokea kwa furaha na kumrudishia kazi zake zote mara moja. Mtu aliyefumba macho ya vijana wa miaka ishirini anaketi katika kikao cha saa mbili kinachobishania rangi ya mapazia. Hasira humpanda, kisha huona aibu kwa hasira hiyo, kisha hunyamaza.

Ndugu msomaji, mengi kati ya haya ni ya kawaida. Kwa walio wengi hupungua katika wiki na miezi ya mwanzo kwa kupumzika, kuwa na ratiba na kupata watu wa kuzungumza nao. Yasipopungua, au yakizidi, ndipo tunapotafuta ugonjwa.

Majeraha matatu yanayofanana

La kwanza ni ugonjwa wa kiwewe. Uliingizwa rasmi kwa jina lake katika mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Mgonjwa hurudiwa na tukio katika ndoto au kumbukumbu zinazomvamia, hukwepa chochote kinachomkumbusha, hushtuka upesi, na hisia zake kwa watu na kwa maisha hubadilika. Ili uitwe ugonjwa wa kiwewe, ni lazima dalili zidumu zaidi ya mwezi mmoja na zivuruge maisha yake.

La pili ni jeraha la dhamiri. Dhana hii ilienezwa na Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewatibu askari wa Marekani waliopigana Vietnam, katika kitabu chake cha mwaka 1994; mwaka 2009 Brett Litz na wenzake wakaipanua. Haijaorodheshwa kama ugonjwa unaojitegemea. Ni maumivu ya mtu aliyetenda, aliyeshindwa kuzuia, au aliyeshuhudia jambo linalovunja kile anachokiamini kuwa haki. Kiwewe hujengwa zaidi juu ya hofu. Jeraha la dhamiri hujengwa juu ya hatia, aibu na kuhisi kusalitiwa. Kwa kasisi huwa na sura ya pekee. Asubuhi aliwaombea ulinzi vijana wanaotoka doria. Jioni akapokea miili yao. Alimwambia askari kwamba Mungu humsamehe atubuye, naye moyoni hakuwa na hakika tena. Swali hili hugusa imani yake, na imani ndiyo kazi yake, jina lake na riziki ya watoto wake.

La tatu ni kuchoka kunakotokana na kubeba maumivu ya watu kwa muda mrefu. Huruma hukauka. Anasikiliza, anaitikia, ila ndani hasikii chochote.

Majeraha haya huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja, yakiambatana na sonona au ulevi. Mfano unaojulikana ni wa Roger Benimoff, kasisi wa jeshi la Marekani aliyetumwa Iraki mara mbili. Aliporudi alihudumia majeruhi katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, na huko huko ugonjwa wa kiwewe ukamlemea yeye mwenyewe. Ndoa yake na imani yake zilitikisika, akalazimika kutafuta matibabu. Aliyaeleza hayo hadharani katika kitabu kilichotoka mwaka 2009. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Kisa chake chaonyesha kwamba hata aliyezungukwa na madaktari kila siku anahitaji kuwa mgonjwa wa mtu fulani.

Kwa mhudumu wa afya

Mtu wa dini akija na kichwa, tumbo, mgongo au kukosa usingizi, muulize kama amewahi kuhudumu katika eneo la vita au maafa. Akikubali, muulize kuhusu mwezi uliopita mambo haya matano: Je, amepata ndoto mbaya au kumbukumbu zinazomjia bila kutaka? Je, amejitahidi kukwepa mawazo au mahali panapomkumbusha? Je, amekuwa akikesha au kushtuka upesi? Je, amehisi ganzi, au kuwa mbali na watu na shughuli zake? Je, amejilaumu bila kukoma kwa yaliyotokea? Akijibu ndiyo kwa matatu au zaidi, mpeleke kwa uchunguzi kamili. Majibu haya ni kengele tu; uthibitisho hutokana na uchunguzi.

Kisha uliza swali la sita kwa sauti ile ile ya upole: "Je, umewahi kuwaza kujiua au kutamani usiamke?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kusema. Kwa mtu wa dini swali hili ni zito zaidi, kwa maana wengi wao wamelihubiri jambo hilo kuwa dhambi. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake. Silaha, sumu na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Usimlazimishe kusimulia kila kitu katika kikao kimoja mara tu arudipo; utafiti haujaonyesha kwamba kufanya hivyo huzuia ugonjwa wa kiwewe. Tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, inayofanywa kwa vikao kadhaa na mtaalamu aliyefunzwa. Dawa za kundi linalotibu sonona, kama vile setralini, husaidia baadhi ya wagonjwa. Dawa za kutuliza kama daizepamu hazipendekezwi kwa ugonjwa huu: huleta utegemezi bila kuondoa kiwewe. Nami ndizo nilizomwandikia mgonjwa wangu siku ile ya kwanza.

Hatia nayo ishughulikiwe kwa uangalifu. Kumwambia "si kosa lako" upesi upesi ni kumfunga mdomo. Msikilize kwanza hadi mwisho. Kisha msaidie kupima ni lipi lilikuwa mikononi mwake na lipi halikuwa. Akitaka, ahusishwe kiongozi mwingine wa dini anayemwamini, asiye mkubwa wake wa kazi.

Kwa kasisi na familia yake

Siri za askari zibaki siri. Unaweza kumweleza daktari jinsi ulivyoumia bila kutaja jina, kikosi wala tukio la mtu yeyote. Kiapo chako kinamlinda aliyekuamini, hakikukatazi kutibiwa.

Omba wiki chache kabla ya kurudi madhabahuni au mimbarini, na urudi hatua kwa hatua. Lala na kuamka kwa saa zile zile, tembea kila siku, na usitumie pombe kutafuta usingizi. Endelea kuwasiliana na mwenzako mmoja mliyekuwa naye.

Nanyi mlio nyumbani, msimdai hadithi za vita, wala msimkatize akianza kusimulia. Mwamsheni kwa kumwita jina kutoka mbali kidogo kabla ya kumgusa. Watoto waelezwe kwa maneno mepesi kwamba baba amechoka, anatibiwa, na kwamba wao si chanzo. Mwezi ukipita bila nafuu, nendeni kituo cha afya. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mgonjwa wangu alitibiwa kwa muda wa mwaka mzima. Bado kuna usiku anaokesha. Alirudi kuongoza ibada, akianza na zile fupi za asubuhi. Siku ya kikao chetu cha mwisho sikumwomba atuombee. Nilimwuliza, "Na wewe, Mchungaji, nani anakuombea?" Akafikiri kidogo, akanitajia majina mawili. Mwaka mmoja kabla yake, nadhani, asingekuwa na hata moja.