Kuuzuru Mlima Kenya kutoka Embu

Mtu akaaye Dallas, mtaa wa mji wa Embu, akiamka kabla ya mawingu kupanda huweza kuuona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Waembu huuita Kirenyaa, na Wameru Kirimaara. Wazee wa kale waliomba wakiuelekea, kwani waliamini ya kuwa Mungu hukaa huko. Hawakuupanda kwa kujifurahisha.

Msafiri wa leo hushika barabara ya Meru. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, ambaye Waembu husimulia kuwa ndiye baba yao wa kwanza. Yafaa kusimama hapo kidogo. Kwa desturi miti yake haikatwi. Mbele ni Chuka, kisha Chogoria, ndipo njia huingia msituni, hupita katika mianzi, na kutokea juu ya Ziwa Michaelson lililozungukwa na magenge. Kwa maoni yetu hakuna njia ipendezayo kuliko hii.

Kilele cha Lenana, futi 16,355, chafikiwa bila kamba. Hapo ndipo Kisoi Munyao alipopandisha bendera ya Kenya Desemba 1963. Batian, futi 17,057, ni cha wapanda majabali.

Lakini asifanye haraka. Hewa ya juu ni haba: apandaye upesi huumwa kichwa na kutapika, na mapafu yaweza kujaa maji hata akafa, ajapokuwa kijana mwenye nguvu. Dawa yake ni kushuka mara moja, usiku huohuo, wala si kungoja kupambazuke.