Thimasi ya Panya: Tezi Inayozeeka Kabla ya Mwili

Panya wa maabara huishi miaka 2 hadi 3. Anapofikisha umri wa miezi 2 hivi, yeye angali kijana: ndiyo kwanza amebalehe, na uzito wake unaendelea kuongezeka. Hata hivyo, nyuma ya mfupa wa kidari chake, juu ya moyo, kipo kiungo ambacho kimekwisha kufika kileleni na kinakaribia kuanza kusinyaa. Kiungo hicho ni thimasi, tezi laini yenye pande mbili. Moyo, ini na figo za mnyama huyo zitafanya kazi kwa nguvu kwa miezi mingi ijayo. Thimasi yake imekwisha kushika njia ya uzee.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliiona tezi hii kuwa mabaki yasiyo na kazi. Mnyama mzima aliyeondolewa thimasi hakuonekana kudhurika, nao wakahitimisha kwamba haina faida. Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alibadili mtazamo huo. Aliwaondolea thimasi panya wadogo wa maabara mara tu baada ya kuzaliwa. Wanyama hao walipungukiwa na limfosaiti, wakaandamwa na maambukizi, na miili yao ikashindwa kukataa ngozi iliyopandikizwa kutoka kwa wanyama wengine. Ilidhihirika kwamba thimasi hufanya sehemu kubwa ya kazi yake mapema. Ndiyo maana kuiondoa ukubwani hakukuonyesha madhara ya haraka.

Kazi yenyewe ni malezi ya seli T, askari muhimu wa mfumo wa kinga. Seli changa hutoka katika uboho wa mifupa, husafiri kwa damu hadi kwenye thimasi, na humo hupitia majaribio makali. Zisizoweza kutambua chochote hufa. Zinazotishia kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa. Katika kila seli 100 zinazoanza safari hiyo, zinazotoka zikiwa hai hazifiki 5.

Thimasi ya panya kijana ikikatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, huonekana kuwa na mpangilio ulio wazi. Tabaka la nje ni jeusi kwa wingi wa limfosaiti changa zilizosongamana, na sehemu ya ndani ni nyeupe zaidi. Kadiri umri unavyosonga, tabaka la nje hupungua unene, na mpaka wake na sehemu ya ndani hufifia. Seli za epitheli, ambazo ndizo walezi wa seli T, hupungua na kupoteza mpangilio wake. Nafasi inayoachwa hujazwa na mafuta na tishu unganishi. Kwa panya mwenye umri wa miaka 2, kinachobaki mara nyingi ni visiwa vichache vya tishu ya thimasi vilivyozungukwa na mafuta.

Je, huku ni kuchakaa tu, kama nguo inavyochakaa kwa kuvaliwa? Majaribio kwa panya yanajibu kwamba sivyo. Madume wazee wanapohasiwa, thimasi zao huongezeka uzito na kurudishiwa sehemu ya mpangilio wa ujanani. Homoni za uzazi, basi, zina mkono katika kusinyaa huko. Mwaka 1986 Keith Kelley na wenzake nchini Marekani waliripoti kwamba majike wazee waliopandikizwa seli zinazotoa homoni ya ukuaji na prolaktini waliota thimasi upya. Majaribio hayo hayakuleta tiba ya uzee, wala hakuna atakayependekeza binadamu ahasiwe ili apate kinga. Yalichothibitisha ni kwamba tezi iliyozeeka bado ina uwezo wa kuitikia wito.

Hata hivyo, si kila thimasi ndogo ni thimasi ya mzee. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alieleza kwamba panya waliowekwa kwenye baridi kali, waliojeruhiwa, au waliopewa dawa kwa kiasi cha kudhuru walisinyaa thimasi ndani ya saa 48, huku tezi zao za adrenali zikivimba. Homoni zinazotolewa na adrenali wakati wa dhiki huua limfosaiti changa kwa wingi. Tofauti ni kwamba dhiki ikiisha, thimasi ya mnyama kijana hujijenga tena, ilhali mabadiliko ya uzee huendelea polepole bila kukoma. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayepima sumu ya dawa hawezi kuutafsiri uzito wa thimasi bila kujua umri wa panya, na bila kujua kama alikula vizuri na kutunzwa kwa utulivu.

Kosa la kutofautisha mambo hayo limewahi kuwagharimu binadamu. Maiti ambazo wanatomia wa zamani walizichunguza zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za maskini waliokufa baada ya maradhi marefu na njaa, na thimasi zao zilikuwa zimesinyaa. Udogo huo ukachukuliwa kuwa ndio kipimo cha kawaida. Watoto wachanga waliofariki ghafla walipokutwa na thimasi kubwa, ambazo kwa hakika zilikuwa za kawaida kwa umri wao, tezi hiyo ikalaumiwa kwa vifo vyao. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, watoto wengi wenye afya walipigwa mionzi kifuani ili thimasi zao zipunguzwe. Mwaka 1950 ripoti kutoka Marekani ilianza kuihusisha mionzi hiyo na saratani ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni.

Thimasi ya binadamu nayo husinyaa, na hilo ni sehemu ya sababu za wazee kuitikia chanjo kwa udhaifu na kuelemewa na maambukizi mapya. Binadamu si panya, kwani mwili wa mtu mzima huendeleza idadi ya seli T zaidi kwa kuzigawanya zile zilizopo. Lakini mabaki ya tezi hiyo si ya kupuuzwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 uliwafuatilia watu wazima waliofanyiwa upasuaji wa kifua. Miaka 5 baada ya upasuaji, asilimia 8.1 ya walioondolewa thimasi walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na asilimia 2.8 ya wenzao waliobaki nayo.

Hivyo, kipande kidogo kilichozama katika mafuta, iwe kifuani mwa panya mzee au mwa mgonjwa aliye mezani pa upasuaji, kinastahili kuulizwa maswali mawili kabla ya kuhukumiwa: mwenyewe ana umri gani, na amepitia nini?