Mfumo Endeshi na Programu-Tumizi

Mara kwa mara watafsiri na watumishi wa serikali hutuuliza: je, neno "programu" latosha kwa kila kitu kilichomo ndani ya simujanja? Kwa maoni yetu halitoshi. Katika makala haya tutaeleza sababu, kwa kulinganisha Android na iOS, mifumo miwili inayotumika zaidi duniani.

Tuanze na kitu chenyewe kabla ya jina lake. Simujanja ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna programu kuu inayoamsha kifaa, kugawa kumbukumbu na kuamua ni nani aruhusiwe kutumia kamera au maikrofoni. Hiyo ndiyo mfumo endeshi. Juu yake huwekwa programu nyingine, kila moja kwa kazi yake: ya ujumbe, ya benki, ya ramani, ya kamusi. Hizo ndizo programu-tumizi. Mfumo endeshi ni mwenye nyumba. Programu-tumizi ni wapangaji, na hawaingii chumba wasichoruhusiwa.

iOS ni mali ya Apple, nayo huwekwa katika simu za iPhone peke yake. Simu hizo zilianza kuuzwa mwaka 2007, na jina la iOS likaanza kutumika mwaka 2010. Android ilinunuliwa na Google mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo iliuzwa mwaka 2008. Msimbo wa msingi wa Android uko wazi. Kiwanda chochote chaweza kuuchukua na kuurekebisha. Ndiyo maana simu za Samsung, Tecno na Xiaomi hutofautiana sura ilhali msingi wao ni mmoja.

Tofauti hiyo ina matokeo. Apple ikitoa sasisho la mfumo, humfikia mwenye simu moja kwa moja. Sasisho la Android mara nyingi hupitia kwanza kwa kiwanda kilichotengeneza simu. Hivyo simu ya bei nafuu yaweza kulipata kwa kuchelewa, au kulikosa kabisa.

Aidha, programu-tumizi iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja haifanyi kazi katika mwingine mpaka itengenezwe upya au irekebishwe. Jambo hili liliidhuru mifumo midogo. Microsoft ilikuwa na mfumo wake wa simu, lakini watengenezaji waliupuuza kwa kuwa watumiaji walikuwa wachache, na watumiaji wakaukwepa kwa kuwa programu-tumizi zilikuwa chache. Huduma za mfumo huo zilikoma mwezi Januari 2020.

Sasa turudi kwenye istilahi. Tuseme ofisi fulani imetoa waraka huu: "Kila mtumishi asasishe programu ya simu yake kabla ya Ijumaa." Wengi watafungua duka na kusasisha programu ya ujumbe, kisha wataripoti kwamba kazi imekwisha. Ikiwa kasoro ya usalama ilikuwa katika mfumo endeshi, itabaki wazi, na nyaraka za ofisi zitabaki hatarini. Kosa hapo ni la mwandishi wa waraka.

Wengine husema "mfumo wa uendeshaji". Si kosa, ila katika lugha ya utawala maneno hayo huweza kueleweka kuwa ni utaratibu wa kuendesha ofisi. Kwa hiyo tunapendelea "mfumo endeshi", ambalo ni fupi na wingi wake ni mwepesi: mifumo endeshi. Katika mazungumzo, "programu" peke yake hutumika kwa programu-tumizi, na hata Android kwa Kiswahili huandika hivyo. Hatuna ugomvi na matumizi hayo, mradi katika waraka au kitabu cha kiada neno kamili litangulie.

Walimu nao watofautishe "kusakinisha" na "kusasisha". La kwanza latokana na "sakini", yaani kukaa mahali: programu hupewa makazi ndani ya simu. La pili latokana na "sasa": kilichokwisha kuwekwa hufanywa kiende na wakati. Majina Android na iOS ni ya pekee, kwa hiyo yasitafsiriwe.

Wasomaji wenye istilahi bora zaidi wanaombwa watuletee, pamoja na sentensi zinazoonyesha matumizi yake.