Kununua Nyumba Pwani: Jua ni Moja, Hali ya Hewa ya Kila Kiwanja ni Nyingine

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anayetafuta nyumba au kiwanja katika ukanda wa pwani ya Tanzania kwa kawaida huuliza mambo matatu: bei, hati na umbali kutoka barabara kuu. Hayo ni maswali ya lazima. Lipo hata hivyo swali la nne, ambalo gharama yake hujitokeza baada ya fedha kulipwa na dalali kuondoka: hali ya hewa ya mahali penyewe ikoje? Haitoshi kujua ya mkoa wala ya wilaya. Inayotakiwa ni ya kiwanja kile, pale kilipo, katika miezi yote 12 ya mwaka.

Utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huandaliwa kwa kanda na mikoa. Unaeleza kwa mfano kuwa pwani ya kaskazini, yaani Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, hupata misimu miwili ya mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lindi na Mtwara hupata msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Taarifa hiyo ni msingi mzuri, lakini ndani ya mkoa mmoja mwinuko wa ardhi, upande unaotazamwa na ufukwe, ukaribu wa mto na msongamano wa majengo hutengeneza hali ya hewa ya eneo dogo, ambayo inaweza kutofautiana kati ya mitaa miwili inayopakana.

Mfano ulio wazi ni rasi ya Msasani jijini Dar es Salaam. Upande wa mashariki, uliko Ufukwe wa Coco, unaikabili bahari kuu na hupokea moja kwa moja upepo wa kusi unaovuma kuanzia takribani Aprili hadi Oktoba. Upande wa pili unatazama ghuba, maji yake ni matulivu zaidi, na jua la alasiri hupiga kuta za nyumba zinazoelekea magharibi. Rasi ni hiyo hiyo na bei za viwanja zinaweza kukaribiana, lakini mkazi wa upande mmoja atalalamikia chumvi inayokula vyuma na wa upande mwingine atalalamikia joto la usiku.

Joto hilo lina maelezo yake. Katika latitudo ya Dar es Salaam, jua la adhuhuri huwa utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kwa sababu linapita juu sana, kuta za kaskazini na kusini hufunikwa kwa urahisi na kivuli cha upenu. Kuta za mashariki na magharibi hazina kinga hiyo, kwani hupigwa na jua la chini asubuhi na alasiri. Ukuta wa matofali ya saruji unaotazama magharibi hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku, saa ambazo watu wanatafuta usingizi. Chumba cha kulala kilichowekwa upande huo, chini ya paa la bati lisilo na dari, kitamgharimu mwenye nyumba umeme wa feni na kiyoyozi kwa miaka yote atakayoishi humo.

Kinachopunguza adha ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi hiyo. Kati ya Desemba na Machi, miezi yenye joto kali kuliko yote, upepo wa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki. Nyumba yenye madirisha upande huo, na matundu ya kutolea hewa upande wa pili, hupumua. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kutazama pia viwanja vya jirani vilivyo wazi. Ghorofa litakalojengwa hapo kesho litauzuia upepo unaoifanya nyumba ya leo ipendeze, na michoro ya mipango miji inayohifadhiwa na halmashauri ndiyo inayoonesha kama jambo hilo linaruhusiwa.

Maji yanahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hapo si starehe tu iliyo hatarini. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na daraja la Selander. Mvua ikinyesha kwa nguvu vilimani, bonde la Jangwani linaweza kujaa hata kama wakazi wake hawakupata mvua ya maana juu ya mapaa yao. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, na baada yake Serikali ilizihamishia Mabwepande kaya za mabondeni. Wengi wa waliopoteza mali walikuwa wamenunua au kujenga mahali ambapo kwa miezi mingi ya mwaka ni pakavu kabisa.

Anayekagua kiwanja mwezi Agosti, basi, anaona nusu ya habari. Asiyeweza kusubiri masika asome alama zilizobaki: mstari wa tope kwenye ukuta wa jirani, kizingiti kilichoinuliwa kupita kawaida, mifuko ya mchanga iliyosahauliwa nyuma ya nyumba, matete na mafunjo yanayoota pasipo mto. Amuulize mpangaji wa siku nyingi kabla ya kumuuliza mwenye nyumba. Katika maeneo ya ufukweni atembelee pia wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani yetu inaweza kuzidi mita tatu. Kunduchi ni ushahidi wa namna bahari inavyoweza kula ufukwe mwaka hadi mwaka, na kiwanja kilichouzwa kikiwa na nafasi ya kutosha mbele yake kinaweza kujikuta kimeufikia ukingo.

Kimbunga nacho kisichukuliwe kuwa habari ya nchi nyingine. Hidaya kilifika pwani yetu karibu na Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, na mvua za kipindi hicho zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi. Mnunuzi wa nyumba Mafia au Kilwa ana sababu ya kupanda ngazi na kukagua jinsi paa lilivyofungwa kwenye kuta.

Chumvi huharibu polepole. Mawimbi yakivunjika hutoa ukungu mwembamba wenye chumvi, nao husafirishwa na upepo hadi kwenye mabati, misumari, fremu za madirisha na mashine za viyoyozi. Ikipenya ndani ya zege hufikia nondo. Kutu ikijijenga, nondo huvimba na zege hupasuka. Athari ni kubwa pale ufukwe unapoikabili bahari kuu, na hupungua nyuma ya mikoko au kadiri nyumba inavyokaa mbali na maji. Katika nyumba inayouzwa, mnunuzi atazame chini ya baraza za ghorofani, kwenye lenta na miguuni mwa nguzo, akitafuta nyufa ndefu na madoa ya rangi ya kahawia. Nyumba iliyopakwa rangi juma lililopita ikaguliwe kwa makini zaidi.

Chumvi hupatikana pia ardhini. Katika sehemu za pwani ya Dar es Salaam visima vimeingiwa na maji ya bahari, hasa panapovutwa maji mengi. Maji ya kisima yapimwe mwishoni mwa kiangazi, na mwenye kuuza aoneshe kibali cha matumizi ya maji, ambacho kwa Dar es Salaam hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Kusini, ambako kiangazi huchukua takribani nusu mwaka, ukubwa wa tangi ni sehemu ya thamani ya nyumba. Paa la mita 100 za mraba hukusanya karibu lita 100 kwa kila milimita moja ya mvua, hesabu ambayo familia yoyote inaweza kuifanya kabla ya kulipa.

Sheria nayo imezingatia hatari hizi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Zanzibar ina sheria zake za mazingira na ardhi. Mnunuzi asitegemee kipimo cha hatua za dalali. Amtumie mpimaji ardhi aliyesajiliwa, afanye upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, na aiombe halmashauri ithibitishe matumizi ya kiwanja na kibali cha ujenzi kabla ya kusaini mkataba. Ofisi ya serikali ya mtaa itamweleza ni nyumba zipi ziliingiwa na maji katika masika yaliyopita.