Unguja na watoto kwa boti: Panga safari ukiwa bado nyumbani Mapinga

Likizo inapokaribia, ombi la watoto katika nyumba nyingi za Mapinga, Kerege na Bagamoyo huwa moja: “Tupelekeni Zanzibar.” Kisiwa ni jirani, wengi wana shangazi au mjomba kule, na boti za kisasa zinakatisha bahari kutoka Dar es Salaam kwa takriban saa mbili au pungufu. Hata hivyo, safari hiyo huharibika kirahisi ikipangwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Boti huachwa, mtoto hutapika njia nzima, fedha huisha kabla ya chakula cha mchana, au mzazi hujikuta akipanda chombo ambacho moyoni alijua hakifai.

Wanaosafiri na meli kubwa za kitalii za Ulaya wana kanuni moja inayowafaa pia wazazi wa Pwani: hesabu huanzia saa ya kurudi melini, halafu unarudi nyuma. Meli ikitia nanga Civitavecchia, wengi husema wamefika Roma, kumbe jiji lenyewe liko umbali wa takriban kilomita 70. Anayesahau hilo huzurura mpaka jioni na kuikuta meli imeondoka, kwa sababu meli haimsubiri aliyechelewa kwa mambo yake. Bandari na mahali unapotaka kwenda ni vitu viwili tofauti.

Kwa familia ya Mapinga, bandari iko Dar es Salaam, mjini kabisa, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph. Kabla ya bahari kuna barabara ya Bagamoyo pamoja na foleni zake.

Anza na hesabu ya saa

Boti ya kwanza kwa kawaida huondoka saa moja asubuhi, na za mwisho kurudi huondoka Unguja alasiri. Ratiba hubadilika kulingana na msimu na kampuni, hivyo ihakikishe siku mbili kabla ya safari, kisha tena jioni ya kuamkia.

Chukua mfano wa baba, mama na watoto watatu wanaotaka boti ya saa moja asubuhi. Wanatakiwa wawe bandarini saa kumi na mbili, kwa sababu kuna ukaguzi wa tiketi, vitambulisho na mizigo. Kutoka Mapinga kupitia Bunju, Tegeta na Mwenge mpaka Posta, mwenye watoto asijipe chini ya saa mbili. Maana yake watoke nyumbani saa kumi alfajiri na watoto waamshwe saa tisa. Kwa wanaotegemea daladala, saa hiyo ni ngumu, kwani magari ya Bagamoyo huishia Makumbusho na pale ni lazima kupanda jingine la Posta.

Familia hiyo ina njia tatu. Ya kwanza ni kulala kwa ndugu mjini, Kariakoo, Ilala au Kinondoni. Ya pili ni kukodi gari na kugawana gharama na jirani anayesafiri siku hiyohiyo. Ya tatu ni kuchukua boti inayofuata, katikati ya asubuhi, na kukubali kwamba safari si ya kwenda na kurudi.

Hilo la mwisho linahitaji kusemwa wazi. Ukiondoka Dar saa tatu na nusu, unashuka Malindi karibu saa tano na nusu. Kama boti ya kurudi ni saa kumi, unatakiwa bandarini saa tisa. Zimebaki saa tatu na nusu za kula, kuswali, kwenda msalani na kutembea na mtoto anayelia usingizi. Kwa fedha utakazokuwa umetumia, ni afadhali kulala usiku mmoja, au kusubiri siku mtakayoweza kupanda boti ya kwanza.

Tiketi na vitambulisho

Nunua tiketi kwenye ofisi ya kampuni, kwenye tovuti yake au kwa wakala anayetambulika. Nje ya lango la bandari wapo vishoka watakaokufuata wakisema nafasi zimekwisha ila wao wanayo moja. Wanaokosa siku hiyo kwa kuwasikiliza ni wengi, hasa wakati wa sikukuu.

Jina kwenye tiketi lifanane na la kitambulisho. Mtu mzima abebe kitambulisho cha Taifa (Nida) au kingine kinachokubalika. Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa au nakala zake. Vinasaidia kuthibitisha umri, kwa kuwa nauli ya mtoto huwa tofauti na ya mtu mzima, na vinaondoa maswali pale mtoto anaposafiri na shangazi au bibi badala ya mzazi. Mtoto wa namna hiyo apewe pia barua fupi ya mzazi yenye namba ya simu.

Kama mnafuatana na ndugu mwenye pasipoti ya nje, mwambie mapema kwamba tangu Oktoba 1, 2024 wageni wanaoingia Zanzibar kutoka nje ya nchi wanatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar. Ni vizuri alijue akiwa bado huko aliko.

Upepo nao una ratiba yake

Watu wa Pwani hawahitaji kufundishwa kusi na kaskazi, lakini wengi huzisahau wanapopanga likizo. Likizo ya katikati ya mwaka, Juni na Julai, huangukia kwenye kusi, wakati mkondo wa Unguja unapochafuka zaidi. Likizo ya Desemba huangukia kwenye kaskazi, na ingawa bahari mara nyingi huwa na nafuu, boti hujaa na vyumba hupanda bei. Kipindi cha malelezi, kati ya pepo hizo mbili, ndicho chenye bahari tulivu, na kinawafaa wenye watoto ambao hawajaanza shule.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Usome siku tatu kabla, kisha jioni ya kuamkia safari. Tahadhari ikitolewa kwa ukanda wa Dar es Salaam na Unguja, ahirisha. Ndiyo sababu ni busara kuuliza masharti ya kubadili tarehe kabla ya kulipia tiketi.

Kuhusu kichefuchefu, mpe mtoto kifungua kinywa chepesi saa moja kabla ya kupanda, epuka chai ya maziwa na vyakula vya mafuta. Kaeni katikati au nyuma ya boti, sakafu ya chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Mtoto atazame mbali, si kwenye simu. Dawa za kichefuchefu cha safari zipo maduka ya dawa na hufanya kazi zikinywewa mapema, si baada ya kuanza kutapika, lakini muulize mfamasia kipimo kwa umri wa mtoto. Aliye chini ya miaka miwili asipewe bila ushauri wa daktari. Beba nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto, na moja ya mama.

Chombo usichopaswa kupanda

Anayeishi Mapinga au Bagamoyo ana kishawishi ambacho mtu wa Mbagala hana. Majahazi na mashua za mizigo huondoka karibu na nyumbani kwenda Unguja, mengine kutoka bandari bubu, na daima kuna mtu anayemfahamu nahodha. Nauli ni ndogo na foleni ya mjini huioni. Kwa familia ya watu watano, tofauti hiyo ya fedha si ndogo.

Lakini chombo cha mizigo hakikuandaliwa kwa ajili ya abiria. Hakina jaketi okozi za kutosha, achilia mbali za watoto, na majina ya waliomo hayaandikwi popote. Kikipotea, hakuna anayejua atafute watu wangapi. Kwa upande wa Bara, vyombo vya abiria hukaguliwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (Tasac), na kwa Zanzibar kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo kisicho na cheti cha kubeba abiria si cha kuweka mtoto, hata kama nahodha ni mjomba.

Hata chombo chenye cheti kinahitaji macho ya mzazi. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Mv Spice Islander I iliyotoka Unguja kwenda Pemba ilizama ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na mamia walipoteza maisha, wakiwamo watoto wengi waliokuwa wakirejea baada ya Idi. Haikupita hata mwaka mmoja, Julai 18, 2012, Mv Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikapinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali wa kusi. Zipo familia za pwani hii ambazo bado zinahesabu nafasi zilizobaki wazi mezani.

Vyombo vya leo ni vya kisasa zaidi. Hata hivyo, kama watu wamesimama kwenye vijia, mizigo imeziba milango au chombo kimelalia upande mmoja kabla hakijaondoka, shuka na watoto wako. Nauli hutafutwa tena.

Mkishakaa, tumieni dakika tano kwa mambo manne. Oneni jaketi okozi zilipo na muulize mhudumu za watoto ziko wapi. Oneni mlango wa dharura ulio karibu. Gawaneni watoto, kila mtu mzima ajue wa kwake ni yupi, na watoto wajue hivyo pia. Mwisho, andika namba mbili za simu kwenye karatasi na uiweke mfukoni mwa kila mtoto. Atakayekwenda kwenye sitaha ya wazi aende ameshikwa mkono.

Mkishuka Malindi

Tofauti na Civitavecchia, Bandari ya Malindi iko hatua chache kutoka Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa Unesco mwaka 2000. Kwa siku moja, usitoke nje ya hapo. Nungwi iko takriban kilomita 60 kaskazini, na msitu wa Jozani wenye kima punju, ambao hawapatikani pengine duniani isipokuwa Zanzibar, unahitaji nusu siku. Hizo ni safari za kulala.

Kwa miguu, watoto wataweza Ngome Kongwe, Soko la Darajani na bustani ya Forodhani. Beit el Ajaib iliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, kwa hiyo usiwaahidi kuingia ndani kabla hujauliza. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu huwafurahisha watoto kuliko kitu kingine chochote, na mashua huchukua takriban nusu saa. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na msiondoke mpaka kila mtoto amevaa jaketi okozi.

Mtoto wa Mapinga ana bahati moja ambayo mtalii wa mbali hana. Anaweza kuiona nusu ya kwanza ya historia nyumbani. Misafara kutoka bara iliishia Bagamoyo, na watu waliofungwa minyororo walivushwa bahari kwenda kuuzwa Unguja mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873. Wiki moja kabla, wapelekeni watoto Bagamoyo mjini na magofu ya Kaole. Mkifika kanisa la Mkunazini, lililojengwa mahali lilipokuwa soko hilo, wataelewa wanachokiona. Kwa wadogo, vyumba vya chini vinaweza kutisha, basi mzazi mmoja abaki nao nje.

Nguo za heshima zinatakiwa mitaani, kwa wazazi na mabinti wakubwa. Mwezi wa Ramadhani, sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana, na kula hadharani ni kuwavunjia wenyeji heshima. Kwa familia yenye watoto wadogo, ni rahisi zaidi kuchagua mwezi mwingine.

Mafungu matano ya fedha

Gawa fedha katika mafungu matano kabla hujatoka: nauli za barabarani kwenda na kurudi, tiketi za boti, chakula na maji, viingilio na usafiri wa kisiwani, na dharura. Fungu la dharura litoshe familia nzima kulala usiku mmoja ambao haukupangwa, kwa sababu boti za alasiri zinaweza kusitishwa upepo ukichafuka. Mzazi asiye na fungu hilo ndiye hulazimika kupanda chombo chochote ili tu arudi nyumbani.

Zawadi zinunuliwe mwisho. Karafuu, mdalasini na halua havina shida, lakini mwenye kununua televisheni au vifaa vingine vipya vya umeme atunze risiti, kwani maofisa wa forodha wanaweza kuviuliza akirudi Dar es Salaam.

Hesabu ikionyesha kwamba fedha hazitoshi mwaka huu, waelezeni watoto wazi na muwekeni kibubu cha safari sebuleni, kila mmoja atie chake. Likizo ijayo si mbali, na Unguja haiondoki.