Dijon: Mji unaotembelewa kwa kumfuata bundi

BINTI yangu ana miaka 11. Kwa miaka mitatu amelelewa na bibi yake Tanga, mimi nikiwa masomoni Dijon, mashariki mwa Ufaransa. Alipokuja likizo, siku tatu za kwanza alinijibu kwa adabu zote, kama mtoto aliyefikia kwa watu: "Ndiyo mama", "Hapana mama", basi. Siku ya nne nikaona tusiendelee kukaa ndani tukitazamana. Tukatoka.

Dijon kuna njia iitwayo Parcours de la Chouette, yaani Njia ya Bundi. Huhitaji mtu wa kukutembeza. Chini barabarani vimepachikwa vibao vidogo vyenye alama ya bundi, vinakuelekeza kutoka kituo hadi kituo. Vituo ni 22, na kijitabu cha maelezo kinauzwa ofisi ya utalii. Nilimkabidhi kijitabu nikamwambia: "Leo wewe kiongozi. Mimi nakufuata."

Akasita. "Mama, kwa nini bundi? Bibi anasema bundi ni mkosi."

Nikamwambia huku wanamwona wa bahati. Hakuridhika, lakini akaanza kutafuta vibao.

Njia inaanzia bustani ya Darcy, penye sanamu ya dubu mkubwa mweupe, kisha inaingia mji wa kale. Hapa ndipo alipozaliwa Gustave Eiffel mwaka 1832, yule ambaye jina lake limepewa mnara maarufu wa Paris. Mara mbili binti yangu alipotea njia. Nilijizuia kumrekebisha. Alirudi nyuma mwenyewe hadi akakiona kibao.

Tulipofika kanisa la Notre-Dame, lililojengwa karne ya 13, tulitazama saa iliyo juu yake. Sanamu ya mtu aitwaye Jacquemart hugonga kengele. Saa hiyo ililetwa na mtawala Philippe le Hardi kutoka Courtrai, katika Ubelgiji ya leo, mwishoni mwa karne ya 14. Mwaka 1651 sanamu hiyo ikapewa mke, mwaka 1714 mtoto wa kiume, na mwaka 1884 wa kike.

Binti yangu akapiga hesabu. "Kwa hiyo baba alikaa peke yake zaidi ya miaka 250?"

"Ndiyo."

"Na wewe umebakiza mingapi?"

Hilo ndilo swali alilokuwa nalo tangu uwanja wa ndege. "Mmoja," nikamjibu. Akatikisa kichwa, hakusema kitu, ila tulipoondoka alinishika mkono.

Bundi mwenyewe amechongwa kwenye ukuta wa kanisa hilo hilo, upande wa uchochoro. Sura yake imelika kwa kuguswa karne na karne. Mwaka 2001 mtu alimvunja kwa nyundo, naye akatengenezwa upya. Desturi ni kumgusa kwa mkono wa kushoto huku ukiomba jambo moyoni.

"Wa kushoto? Bibi atanigombeza!"

"Ndio ulio karibu na moyo," nikamwambia. Akamgusa. Alichoomba hakuniambia.

Ukienda na watoto, zingatia haya:

• Vaa viatu vya kutembelea. Mitaa mingi ya zamani ni ya mawe.

• Msilazimishe vituo vyote 22 siku moja. Sisi tuliishia 14.

• Jumba la sanaa lililo katika kasri la watawala halina kiingilio. Ni mahali pazuri pa kupumzikia mvua ikinyesha.

• Mnara wa Philippe le Bon una ngazi 316. Pima kwanza nguvu za mtoto, na zako.

• Mwachie mtoto kijitabu. Hata akikosea, nyamaza.

Usiku alimpigia simu bibi yake. "Bibi, leo nimemgusa bundi. Kwa mkono wa kushoto."

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Ulinawa?"