Stenti shingoni: damu kwenda kasi si lazima mshipa uwe umeziba tena

Mgonjwa aliyewekewa stenti kwenye mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo anarudi kupimwa altrasaundi. Majibu yanaonyesha damu inapita kwa kasi ya sentimita 180 kwa sekunde. Kwa mshipa usio na stenti, hiyo ni dalili ya kuziba kwa nusu au zaidi: mwongozo wa wataalamu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 unaanzia sentimita 125. Kwa mgonjwa huyu, huenda hakuna cha kutibu.

Kipimo chenyewe hakimuumizi mtu. Mawimbi ya sauti yanagonga chembe za damu na kurudi yakiwa yamebadilika, na mashine hukokotoa kasi kutokana na badiliko hilo, kwa kanuni aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Mshipa ukiwa mwembamba, damu huchupa, kama maji kwenye mpira uliobanwa mdomo.

Stenti inavuruga hesabu hiyo. Ni wavu wa metali, mara nyingi mchanganyiko wa nikeli na titani, unaokaza ukuta wa mshipa. Mshipa uliokazwa hautanuki vizuri moyo unapopiga, kwa hiyo kasi hupanda hata njia ikiwa wazi. Ndiyo maana mtafiti Brajesh Lal na wenzake, mwaka 2008, walipendekeza viwango vingine: sentimita 220 kwa kuziba kwa nusu, 340 kwa asilimia 80. Anayesoma majibu kwa viwango vya mshipa usio na stenti anaweza kumtisha mtu bure, au kumrudisha kwenye upasuaji asiouhitaji.

Hata hivyo kuziba tena kupo. Katika utafiti wa CREST, uliolinganisha stenti na upasuaji wa mshipa huo, takriban wagonjwa 6 kati ya 100 wa stenti mishipa yao iliziba tena ndani ya miaka miwili, na waliofanyiwa upasuaji wa kawaida hawakupishana nao sana. Miezi ya mwanzo, kinachoziba ni kovu linaloota ndani ya wavu. Miaka ikisonga, ni mafuta yale yale yaliyoziba mshipa hapo awali.

Kwa maoni yangu, kipimo chenye thamani kuliko vyote ni kile cha wiki za kwanza baada ya stenti, ambacho wagonjwa wengi hawajui hata kuomba nakala yake. Sentimita 180 zilizokuwepo tangu mwanzo hazina uzito sawa na 180 zilizopanda kutoka 90. Daktari akibaki na shaka, kuna CT ya mishipa.